Dawa ya Deni ni Kulipa



Tangu mafunzo ya udaktari yaanzishwe Dar es Salaam mwaka 1963, umma umebeba mzigo wake. Mwanafunzi husoma miaka 5, kisha hufanya utarajali mwaka 1. Wodini hutumia glavu, vipimo na saa za daktari bingwa mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Gharama hiyo haimo katika karo.

Mkulima wa pamba wa Shinyanga na mchimbaji wa Geita, avutaye vumbi la mwamba na kushika zebaki, hutoa kodi. Na maradhi yao humfundisha mwanafunzi. Basi hospitali zinazofundisha zitengewe fungu lake, lisichotwe katika dawa za wagonjwa. Naye daktari aliyehitimu aende kwa hao waliomsomesha. Dawa ya deni ni kulipa.