Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Maneno haya yalisemwa na ujumbe wa wakaazi wa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya mkutano wa wanachama. Yanachapwa kama yalivyosemwa.)



Sisi tuliosimama mbele yenu jioni hii ni wakaazi wa Mji Mkongwe. Wengine wetu ni wapangaji, wengine wana nyumba zao za urithi, wengine wamo katika nyumba za wakfu na nyumba za Serikali. Hatukuja kulia. Tumekuja kudai jambo moja, nalo twaweza kulisema kwa maneno machache: nyumba inayolaza wageni kwa malipo ya kila usiku ni biashara. Biashara hiyo iwekewe sheria mtaani, na sisi wenye mtaa tuwe na sauti katika sheria hiyo.

Twajua atatokea mtu aulize, "Kumbe nyinyi hamtaki wageni?" La, hasha! Mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walizidi 700,000, na wengi wetu humu twala kwa sababu yao. Wamo wapishi, watembezaji, mabaharia, maseremala, wauza viungo. Hakuna mwenye akili atakayeupiga teke mkono unaomlisha. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza umetimia: mgeni amekuja. Leo tumekuja kuuliza habari za upande wa pili. Je, mwenyeji amepona?

Sikilizeni yanayotokea. Zamani mtu aliyetaka kulaza wageni alifungua gesti. Palikuwa na jina juu ya mlango, daftari la wageni, leseni ukutani na mtu wa zamu usiku kucha. Likitokea la kutokea, jirani alijua wa kumgongea. Siku hizi mtu hukodi ghorofa nzima, hutia vitanda na mashine ya baridi, huitangaza nyumba kwa simu, kisha yeye mwenyewe akakaa mbali, pengine ng'ambo ya bahari. Ufunguo huachwa katika kisanduku cha namba kando ya mlango. Mgeni huingia usiku wa manane, na siku ya tatu ameshaondoka. Hatumjui, naye hatujui. Bomba likipasuka ghorofani, maji yatutiririkia chini sisi, na hapana wa kumwita.

Mwenye nyumba naye hupiga hesabu yake. Akiona wageni wa wiki moja humpa zaidi ya kodi ya mwezi mzima, humgeukia mpangaji wake wa miaka ishirini akamwambia, "Msimu unakaribia, nipishe." Mpangaji huyo aende wapi? Aende Fuoni, aende Tunguu, na watoto wake bado wasoma skuli za mjini, na kibarua chake kiko Darajani au bandarini. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, yeye na watoto, yakata mshahara kabla haujafika jikoni. Hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa katika mji wake bila ya kupigwa hata kofi.

Tutawapa mfano wa kichochoro chetu kimoja. Kina milango tisa. Tulipokuwa wadogo, milango yote tisa ilikuwa na watu, na baraza zote zilikaliwa baada ya sala ya alasiri. Leo milango sita ina visanduku vya ufunguo. Alipofariki mzee mmoja wa kichochoro hicho, tulitafuta vijana wa kubeba jeneza tusiwapate wa kutosha. Ikabidi tupige simu Ng'ambo kuwaita waliohama, tukangoja. Maiti wa mtaa amengoja watu wa mtaa watoke mbali, hali nyumba zilizomzunguka zimejaa watu! Hapo ndipo tulipokaa tukasema, sasa imetosha.

Ndugu wanachama, msidhani mtaa ni kuta. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukafurahi. Lakini nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Nyumba namna hii hudumu kwa kutazamwa kila siku. Mwenye kukaa humo ndiye anayeona ufa unapoanza, ndiye anayesikia tone la maji usiku, ndiye anayepanda darini kabla ya masika. Maji ni adui mkubwa wa chokaa na boriti. Sasa ghorofa iliyokuwa na choo kimoja yatiwa vyoo vinne, kila chumba na chake, na ukuta wapigwa saruji isiyopumua juu ya chokaa. Tuliona tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka, na jumba lile ni kubwa kuliko nyumba zetu zote. Atakayelala usiku tatu hawezi kuulinda ukuta wa miaka mia na zaidi.

Tena kudai sheria ya nyumba si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, watu wanyonge, waligoma kulipa kodi ya viwanja iliyokuwa ikipandishwa na wenye ardhi. Hawakuwa na fedha wala bunduki. Walikuwa na umoja wao. Na serikali ya kikoloni, ambayo haikuwapenda, ililazimika kuiwekea kodi hiyo kikomo. Ikiwa wakoloni walisikia, vipi sisi kwa sisi tusisikilizane?

Wala hatuko peke yetu duniani. Utazameni mji wa Venice, Italia. Mwaka 1951 sehemu yake ya kale ilikuwa na wakaazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walikuwa wameshuka chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, na nyumba za kukodishwa watalii ni moja ya hizo. Majumba yapo, maji yapo, wageni wamejaa tele. Wenyewe ndio wanaokwisha.

Miji mingine imezinduka. Huko New York, tangu Septemba 2023, anayetaka kukodisha nyumba kwa muda usiofika siku 30 sharti ajiandikishe kwa mji, awe anaishi humo pamoja na wageni wake, na wageni wasizidi wawili. Paris, tangu mwaka 2025, mtu anaweza kukodisha nyumba anayoishi kwa watalii kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni zake 10,101 za nyumba za watalii hazitaendelezwa zitakapokwisha muda wake Novemba 2028. Hii si miji inayochukia fedha. Ni miji iliyoona kwamba mji usio na wenyewe hatimaye hauna hata cha kumwonyesha mgeni.

Basi sisi twadai nini? Twadai mambo matano, na hakuna hata moja lililo kubwa kupita kiasi.

Kwanza, kila nyumba au chumba kinachokodishwa kwa usiku kiandikishwe Manispaa, na sheha wa shehia awe na orodha hiyo. Sheria ya utalii yataka leseni kwa biashara ya kulaza wageni. Basi isiwabane wenye gesti peke yao, na wengine wakapita mlango wa nyuma.

Pili, kila nyumba hiyo iwe na mtu wa dhamana anayekaa karibu. Jina lake na namba yake ya simu vibandikwe mlangoni, ili jirani ajue wa kumwita usiku.

Tatu, kuwe na kikomo kwa kila mtaa. Kiasi gani, tukae tukihesabu pamoja. Lakini pasiwe na kichochoro kitakachobaki bila ya familia.

Nne, nyumba za wakfu na za Serikali, ambazo zilikusudiwa watu kukaa, zisigeuzwe za wageni kwa mlango wa uani.

Tano, kabla ya leseni mpya kutolewa, majirani waulizwe. Wasiulizwe kwa karatasi iliyobandikwa pasipoonekana. Waulizwe katika mkutano wa shehia, mchana, watu wakisikia.

Kuna hoja moja hatutaki kuikwepa. Yuko mjane mwenye nyumba ya urithi, paa lavuja, watoto hawana kazi. Chumba kimoja cha juu akikikodisha kwa wageni, ndicho kinachomnunulia chokaa na boriti. Je, huyo naye tumfunge mikono? La! Huyo anaishi humo. Anamjua mgeni wake, humpikia chai, humwonya asipite uchi mbele ya msikiti. Huyo ndiye mwenyeji tunayetaka apone, na sheria imrahisishie njia: ada ndogo, fomu moja, bila ya njoo kesho. Lakini mwenye nyumba kumi asiyelala hata katika moja yake si mjane, na asijifiche nyuma ya ukaya wake.

Na hapa tuseme ukweli bila ya kuoneana haya. Wanaofanya biashara hii si wageni watupu. Wamo ndugu zetu, na pengine wamo ndani ya chumba hiki. Hatuwatukani. Twawaomba wawe wa kwanza kujiandikisha, ili kesho mtu asiseme kuwa chama huwaamrisha wanyonge na kuwaachia wenye nazo. Mwanachama asiyetaka sheria imguse hana haki ya kuitaka imguse mwenziwe.

Ndugu Mwenyekiti, twawaomba mlifikishe jambo hili kwa madiwani na kwa wawakilishi wetu, na mtuletee jibu kabla ya msimu ujao kuanza. Nasi hatutakaa tukingoja. Kila shehia ya Mji Mkongwe itahesabu milango yake: upi una mkaazi, upi una kisanduku. Tutaileta hesabu hiyo kwa mkono wetu.

Milango ya nyumba zetu ni mizito, imechongwa na mafundi, na watu huja kutoka pembe zote za dunia kuipiga picha. Twataka mgeni anapoupiga picha mlango, awepo nyuma yake mtu wa kuitika akibisha hodi.