Vita vilikwisha, usingizi haujarudi

Leo naomba twende Kate, wilayani Nkasi, nyanda za juu za Ufipa, ambako baridi ya Juni humfungisha mtu mzima blanketi jua likiwa bado halijazama. Hapo yupo mzee ambaye watoto wa jirani humwamkia, "Shikamoo, Afande." Aliondoka kijijini mwaka 1978 akiwa kijana wa mgambo, akaenda Kagera, akaingia Uganda, akarudi mzima. Mzima wa viungo, nataka kusema. Kila usiku kabla ya kulala huenda nyuma ya zizi akavuta bangi.

"Mwanangu," aliniambia, "nisipovuta, wanakuja."

Sikumuuliza ni akina nani.

Vijana wanaonisikiliza huenda hawaijui habari hii vizuri. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, likapanuka hadi zaidi ya 150,000. Kati yao wapatao 40,000 walikuwa mgambo, watu wa jembe na wa duka, waliofundishwa haraka wakapelekwa mbele. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila Julai 25 taifa linawakumbuka. Waliorudi hai walishangiliwa, wakarudi shambani. Swali la wameona nini halikuwamo katika ratiba ya sherehe.

Basi mtu akiruka kitandani usiku wa manane akipiga kelele, majirani wanasema karogwa. Na kwetu maneno hayo hayako mbali. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri ya kutupa uchawi. Wengine wanasema bangi ndiyo iliyomharibu. Mimi nasema wameishika hadithi kwa mkiani. Bangi haikuleta ndoto. Ndoto ndizo zilizoleta bangi.

Hayo hayakumpata Afande peke yake. Wamarekani waliopigana Vietnam walirudi na maradhi hayo hayo, na mwaka 1980 madaktari wa akili wa huko wakayaingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa. Askari wastaafu wao nao wengi huvuta, na wanaapa kuwa inawasaidia. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya jaribio la wastaafu 80: wengine walipewa bangi yenye nguvu, wengine bangi iliyoondolewa nguvu, bila kujua nani kapewa ipi. Makundi yote yalipata nafuu, na bangi yenye nguvu haikuishinda ile butu. Mwaka 2023 idara inayowatibu wastaafu hao, pamoja na wizara yao ya ulinzi, ikawashauri madaktari wasiitumie kutibu kiwewe cha vita.

Kwa hiyo Afande anadanganya? Hapana. Bangi huipunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Lakini mvutaji wa kila siku akiiacha, ndoto hurudi na riba. Ndiyo maana namhurumia kuliko ninavyomlaumu. Kuvuta bangi ni kosa katika nchi hii, hilo halina ubishi. Ila anayemtia mzee huyu mahabusu anamfungia ndani pamoja na wale wale anaowakimbia.

Tiba ipo, na imejaribiwa kwa jirani. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walishirikishwa katika jaribio watu 277 kutoka Rwanda na Somalia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Njia mojawapo ni kusimulia. Kamba hutandazwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa. Panapo jambo jema huwekwa ua, panapo baya huwekwa jiwe. Kisha mtu husimulia maisha yake kwa utaratibu, jiwe kwa jiwe, mwenzake akiandika, na kikao kinachofuata humsomea aliyoyasema. Kati ya kila 100 waliosimulia, 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo. Waliopewa ushauri wa namna nyingine walikuwa 65, na waliofuatiliwa tu bila tiba, 37. Baadaye, kaskazini mwa Uganda, vijana waliotekwa na kufanywa askari na jeshi la Kony walisaidiwa kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, Kate kukosa nini? Muuguzi wa zahanati yupo, katekista yupo, mwalimu mstaafu yupo. Wanachohitaji ni mafunzo na daftari. Tena haraka, kwa maana kijana wa miaka 22 wa mwaka 1978 leo anaikaribia 70 au ameshaipita.

Nilipomsimulia Afande habari ya kamba na mawe, alinyamaza mpaka moto ukahitaji kuni. Halafu akauliza:

"Huyo mtu wa kusikiliza anakuja lini?"

Nikamwambia nitauliza redioni. Nimeuliza.