Amri Zilizojificha: Somo la Kompyuta kwa Makatibu

Somo la leo ni kwa wale wenye kuandika barua, mihtasari na orodha kwa kompyuta: makatibu wa vyama vya msingi vya kahawa, walimu, watendaji wa vijiji. Kama kompyuta iko karibu nawe, iwashe. Kama haiko, karatasi hii itie mfukoni uende nayo.

Kwanza nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe huko Kyerwa. Katibu mmoja wa chama cha msingi alinijia akiwa na huzuni. Alikuwa akiandaa orodha ya wanachama kabla ya msimu wa kahawa, mara zana zote zilizo juu ya ukurasa zikatoweka. Akaifunga kompyuta ya chama katika kitambaa, akapanda bodaboda mpaka Kayanga kwa fundi. Fundi akabonyeza vitufe viwili, zana zikarudi, naye akadai ada yake. Lililomwumiza katibu si fedha hasa. Wajumbe wa kamati walisema kwamba ameharibu mashine ya chama, na afadhali kazi ipewe mtu mwingine.

Basi, nawaambieni kwamba hakuharibu kitu. Tangu mwaka 2007, programu ya Microsoft Word huziweka zana zake katika utepe mpana, wenye vichwa kama "Home" na "Insert". Ukibonyeza kichwa kimoja mara mbili upesi, utepe hujikunja. Mkono wake uliteleza, ndiyo habari yote. Shika Ctrl, kisha bonyeza F1, nao utakunjuka. Kompyuta nyingine hutaka ushike na Fn pia. Jambo hili liandikeni kwenye karatasi, mkalibandike ukutani, tafadhali.

Sasa tuje kwa shida iliyo ngumu zaidi. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Katibu yule alikuwa na orodha za zamani zilizoandikwa "Wilaya ya Karagwe" kila mahali, naye alikuwa akifuta neno na kuandika jingine, mstari kwa mstari, siku ya pili sasa. Nikamwuliza, "Bwana Katibu, mbona hutumii amri ya kubadilisha maneno?" Akajibu, "Mwalimu, katika kompyuta yangu haimo."

Imo. Inaitwa "Replace", nayo hukaa upande wa kulia wa "Home". Lakini kioo cha kompyuta yake ni kidogo, na mahali pakiwa finyu utepe huzikusanya zana na kuzificha chini ya neno moja, "Editing". Yeye alikuwa akitafuta picha aliyoiona katika kompyuta ya mwenziwe. Picha haikuwapo, akadhani na amri haipo.

Kwa hiyo usitafute kwa macho, tafuta kwa jina. Katika Word za tangu mwaka 2016, shika Alt, bonyeza Q, kisha andika jina la amri, itakuja yenyewe. Wenye LibreOffice, ambayo haina malipo, tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021 hushika Shift na kubonyeza Esc. Shida ni kwamba majina haya ni ya Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye amri za Kiswahili. Lakini kompyuta ninazokutana nazo katika ofisi zetu karibu zote zasema Kiingereza. Wekeni daftari: upande huu jina la Kiingereza, upande ule kazi yake.

Tulipoipata "Replace", katibu alitaka kubadilisha yote kwa pigo moja. Nikamshika mkono. Chama Kikuu cha Ushirika, KDCU, chahudumia wilaya zote mbili, na jina lake bado lina neno Karagwe. Angebadilisha yote, angekibatiza upya bila mkutano! Tafuta maneno matatu pamoja, "Wilaya ya Karagwe", halafu kagua moja moja.

Amri ukiisha kuipata, isogeze karibu. Mama anayemenya ndizi hakiweki kisu chake darini. Katika Word, iguse amri hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague "Add to Quick Access Toolbar". Itahamia katika mstari mdogo, na iliyo ya kwanza hapo utaiita kwa Alt na 1, ya pili kwa Alt na 2. Katika LibreOffice, bonyeza kitufe cha kulia juu ya mstari wa zana, chagua "Customize Toolbar", andika jina la amri, na kwa mshale uihamishe. Tano au sita zatosha. Nimewaona watu waliojaza thelathini, wakarudi kutafuta kwa macho.

Lakini mstari huo hubaki katika kompyuta yako. Siku umeme ukikatika kijijini, nawe ukaenda kuchapa dukani Nkwenda au Omurushaka, hutaukuta. Hapo daftari ndilo litakalokufaa.

Kazi ya wiki hii: andika amri tano unazozitumia kila siku, uzitafute kwa jina, uziweke katika mstari wako. Wiki ijayo tutatengeneza jedwali la mizani ya kahawa. Kwaherini.