Daftari Lililolala Mezani



Wiki iliyopita nilipanda basi Handeni kwenda Korogwe. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja aliyefuata dawa zake za kliniki. Nikashangaa, maana Handeni dawa hizo zipo. "Zipo, kaka," akaninong'oneza, "lakini daftari lao linalala mezani, na wasomaji ni wengi." Jina lake sikumwuliza, na kituo chenyewe sikitaji.

Tukizungumzia ulinzi wa habari za afya, wengi humfikiria mwizi wa mbali aliye mbele ya kompyuta. Huyo yupo. Juni 2024 wahalifu waliingia katika mitambo ya maabara za taifa za Afrika Kusini, wakafuta hata nakala za akiba. Majibu ya dharura ikabidi madaktari wapewe kwa simu.

Sasa itazameni Korogwe. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina maabara pale. Kati ya 2009 na 2014 watoto wa Korogwe na Bagamoyo walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Mafanikio hayo yalitokana na wazazi waliokubali watoto wao watolewe damu.

Katika utafiti, chupa ya damu huandikwa namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na jina huwekwa kando. Orodha hiyo ndiyo ufunguo. Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Vinasaba vya mtoto vikishajulikana ni vya nani, utavibadilisha vipi?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na habari za afya na vinasaba inazihesabu kuwa nyeti. Lakini sheria haifungi kabati. Kabati hufungwa na karani, naye anahitaji kufuli, na kila mtumishi awe na neno lake la siri, si moja la ofisi nzima. (Studio kwetu limebandikwa ukutani, nakiri.)

Tulipofika stendi ya Korogwe yule mama alijitanda kanga hadi usoni. Akaniomba nitangulie kushuka, watu wasituone pamoja.