Hamira Ikikosa Mafuta

Tumtazame kiumbe mdogo anayeumua mandazi na kuchachusha pombe ya busaa hapa Kehancha: hamira.

Kwanza, anavyofanya kazi. Seli ya hamira imezungukwa na utando wa mafuta, na utando huo sharti uwe laini. Mafuta laini yakipungua, utando hukakamaa. Protini zilizo ndani ya seli huuhisi ugumu huo, zikapeleka ujumbe kwenye kiini: yatengenezwe mafuta mengine upesi. Lakini kazi hiyo inahitaji oksijeni. Pipa la busaa likifunikwa muda mrefu, hewa huisha, ujumbe hufika bure, kileo huanza kuzidhuru seli zenyewe na busaa husita kuchacha. Kimea cha wimbi husaidia, maana nafaka ina mafuta yake.

Je, hili linakuhusu vipi? Pombe ikisita, mwenye tamaa huongeza kemikali ili ikolee. Mei 2014, pombe yenye methanoli, mojawapo ya kemikali hizo, iliua makumi ya Wakenya.

Sasa, wapo wanaosema kufundisha elimu hii ni kuchochea ulevi, na anayeuguza mlevi nyumbani ana haki ya kusema hivyo. Wengine wanakumbusha kwamba sheria ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa, mradi mtengenezaji awe na leseni. Kwangu mimi, mama pima, yaani muuza pombe ya kienyeji, anayeelewa kinachotokea pipani ni salama kuliko anayebahatisha. Lakini nani atakayemfundisha: afisa wa afya, au mwalimu wa sayansi wa shule iliyo jirani naye?