Jengo na Msichana

Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, wanaharakati watano vijana wa tabianchi walisimama mbele ya kamera: Wazungu wanne na Vanessa Nakate wa Uganda. Shirika la habari la AP liliporusha picha, Nakate hakuwemo. Alikatwa. Maelezo yakawa kwamba jengo lililo nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye AP iliomba radhi.

Katika uandishi wa habari, anayebandika moshi bandia pichani hufukuzwa kazi. Kukata ukingo ni halali, hufanywa kila siku katika vyumba vya habari, chetu kikiwemo. Ndiyo maana naumia: mkasi halali ulimwondoa Mwafrika pekee pichani, habari yenyewe ikihusu mabadiliko ya tabianchi, ambayo ukame na mafuriko yake tunayaona hapa kwetu.