Haki za Mwanamke Aliyeachwa: Nafaka ya Eda na Kitoka Nyumba

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri)



Wazee wangu waheshimiwa, ndugu zangu, nanyi akina mama na dada zangu mlioko nyuma ya pazia. Nimetakiwa kusema juu ya talaka, nami najua ya kuwa baadhi yetu, wasikiapo neno hilo, hutazamia mzungumzaji ahesabu talaka moja, mbili na tatu, kisha aketi. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Leo nitasema juu ya yale yajayo baada ya karatasi ya talaka kukabidhiwa: mwanamke huyu atalala wapi usiku wa leo, atakula nini, na ni nani anayewajibika?

Naanza kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa wazee wanne tulioitwa kusuluhisha mume na mke waliokaa pamoja miaka 22. Sitataja jina wala mji. Tulikaa tangu baada ya Adhuhuri hata karibu na Magharibi, tukabishana sana kama maneno aliyoyatamka mume kwa hasira yalikuwa talaka moja au zaidi. Tulipokwisha tukaomba dua, tukanywa kahawa, tukaagana. Nilipotoka nikamkuta yule mama ameketi barazani na furushi lake, akimngoja kaka yake aje kumchukua. Katika sisi wanne hakuna aliyeuliza habari ya eda yake, wala chakula chake, wala mahari yake ambayo nusu ilikuwa ingali deni. Si kwamba hatukuzijua hukumu hizo, sote tulizijua. Tulinyamaza kwa kuwa mume alikuwa rafiki yetu, na mke hakuwa na wa kumsemea.

Basi tuzitazame hukumu zenyewe, tukianzia na makazi. Katika Sura At-Talaq Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwatoa wanawake katika nyumba zao wakati wa eda, na wanawake nao wamekatazwa kutoka, isipokuwa pametendwa uovu ulio dhahiri. Angalieni vema: nyumba imetajwa kuwa ni ya wanawake, ijapokuwa aliyeijenga ni mume. Na hekima yake imeelezwa papo hapo, kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya, yaani nyoyo zikarudiana. Mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea bado yu katika hukumu ya mke. Mmoja wao akifariki ndani ya muda huo, mwenziwe humrithi. Lakini desturi yetu ni ipi? Karatasi huandikwa asubuhi, na kabla ya Adhuhuri vyombo vya mke vimekwisha pakiwa mkokotenini. Tumeifanya eda kuwa muda wa mwanamke kulishwa na baba yake mzee, kisha twashangaa kwa nini wanaoachana siku hizi hawarejeani! Watarejeanaje, hali mmoja yuko Tanga na mwingine Mwanza?

Pamoja na makazi huja nafaka. Eda ya mwenye kupata hedhi ni twahara tatu, ya asiyepata hedhi ni miezi mitatu, na ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, mume humlisha na kumvika mkewe muda huo wote, na hapo hapana hitilafu. Hitilafu ipo katika talaka isiyo na rejea: Mahanafi humpa nafaka pamoja na makazi; Mashafii na Wamaliki humpa makazi, na nafaka akiwa mjamzito; Mahanbali hawampi kimojawapo ila akiwa mjamzito. Wako wanaume waliojifunza hitilafu hii vizuri kuliko walivyojifunza Sura Al-Fatiha.

Kipimo cha nafaka ni uwezo wa mume. Mvuvi hadaiwi kama mwenye maduka matatu, wala mwenye maduka matatu hawezi kujificha nyuma ya kipimo cha mvuvi. Tena nafaka hii isichanganywe na matumizi ya watoto. Watoto ni juu ya baba kabla ya eda, ndani ya eda na baada ya eda, na mama amnyonyeshaye mtoto baada ya kuachwa anastahili ujira wake, kama ilivyoelezwa katika sura hiyo hiyo. Mtu apelekaye fedha za madaftari ya wanawe, kisha akatangaza ya kuwa anamtunza mtalaka wake, hajamtunza mtalaka bado. Amenunua madaftari.

Kuhusu mahari sitakawia. Mahari isiyolipwa ni deni, na talaka haifuti deni. Katika Sura An-Nisaa tumekatazwa kumnyang'anya mke chochote tulichompa, hata kama ni rundo la mali. Pia tumekatazwa humo kuwataabisha wanawake ili waachilie sehemu ya walichopewa. Wala sioni namna nyingine ya kumweleza mtu amtesaye mkewe kusudi aombe khului na kujikomboa kwa mahari yake mwenyewe.

Sasa nafika kwenye haki iliyosahauliwa kuliko zote, nayo ni mataa, ambayo mababu zetu wa pwani waliita kitoka nyumba. Imetajwa katika Sura Al-Baqara kuwa ni haki juu ya wacha Mungu, kwa ajili ya wanawake walioachwa, kwa kadiri ya wema. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, ni wajibu kwa kila mke aliyeachwa pasipo kosa lake, isipokuwa yule aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hali mahari yake ilikwisha tajwa, kwani huyo hupata nusu ya mahari. Wamaliki wameihesabu kuwa ni jambo lipendezalo. Basi ni ajabu ya kuwa sisi, ambao madhehebu yetu yanalazimisha, tumeiacha kana kwamba haikuandikwa. Kiasi chake hakikuwekwa. Kurani Tukufu imesema tajiri atoe kwa kadiri yake na maskini kwa kadiri yake. Mimi naona mwanamke aliyetumia miaka 30 ya ujana na nguvu zake katika nyumba ya mtu mwenye uwezo, akatolewa kwa doti moja ya khanga na nauli ya basi, hakupewa kitoka nyumba. Amefukuzwa.

Hapa yafaa niitaje kesi moja mashuhuri ya nchi yetu. Mwaka 1980 mahakama ya mwanzo huko Kariakoo, Dar es Salaam, ilivunja ndoa ya Waislamu wawili. Baadaye ikaamua ya kuwa mke hana sehemu katika nyumba iliyonunuliwa kwa fedha za mume, ila apewe shilingi 2,000 za kitoka nyumba. Shauri lilipanda hata likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, na Jaji Mkuu Francis Nyalali akatamka ya kuwa kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wengi huisimulia kesi hii na kuishia hapo. Mwisho wake ni kwamba mama yule hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzia biashara naye akazitapanya. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi baada yake wamepata haki zao kwayo.

Kuna wasemao, "Hiyo ni sheria ya serikali." Ndugu zangu, kifungu cha 115 cha sheria hiyo hiyo kimeitaja eda kwa jina lake, kikaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mume alipe matumizi katika muda huo kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu. Ama sehemu ya mali aliyoichuma mke kwa jasho lake, hiyo si zawadi ya mume hata tuulize kama atapenda kuitoa. Kurani Tukufu imesema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma.

Nanyi dada zangu, neno moja. Mke aliye katika eda akihama nyumba bila udhuru huipoteza nafaka yake, kwa hiyo msikubali kubebwa na hasira za ndugu zenu usiku wa manane. Wala msifiche mimba, wala msirefushe eda kwa ulimi ili nafaka iendelee. Na mkidai, dai liandikwe: tarehe ya talaka, mahari iliyobaki, na mashahidi. Dai la mdomo tu hufa mapema.

Nirudi kwa yule mama wa barazani. Zilipopita kama siku 60 dhamiri ilinisumbua, nikamchukua mmoja wa wale wazee tukamwendea mume. Tukahesabu mbele yake kwa kalamu: nusu ya mahari, chakula cha miezi mitatu, kodi ya chumba alichopangishiwa mama yule na kaka yake, na kitoka nyumba kwa miaka 22. Alikasirika, akatuuliza tangu lini tumekuwa mawakili wa wanawake. Kisha akanyamaza kitambo kirefu, akaomba kulipa kwa mafungu matano. Amelipa manne. La tano halijalipwa hata leo, nami kila nipitapo mjini kwao hubisha hodi kwake.